Nondo wa Mululuza

Kabla watu wa Namatala hawajalijua jina lake, walimwita yule Mjaluo anayefuga majani. Ukipita nyuma ya nyumba ya Hadijah, upande wa mfereji, uliziona chupa za jemu zimepangwa dirishani, kila moja na majani yake mawili matatu ndani, mdomo umefungwa kwa kipande cha chandarua. Wengine walisema ni dawa. Wengine walisema ni uchawi aliokuja nao kutoka Ugenya. Ukimwuliza mwenyewe alikupa chupa uiangalie. Ukichoka uliirudisha, basi, hakuwa na hotuba.

Wilkista alivuka mpaka wa Busia akiwa bibi arusi wa Odongo, fundi wa mitambo kwenye bwawa la Jinja. Odongo akafa kwa homa mwaka wa sitini na nne, akamwachia jina na baiskeli. Shemeji yake akaja kutoka Ugenya kumchukua amrithi, kama desturi yao inavyotaka. Akakaa siku tatu anakula samaki na kusifia mchuzi. Siku ya nne Wilkista akamfungia masalio ya samaki kwenye jani la mgomba, akamsindikiza mpaka stesheni ya gari moshi, akangoja mpaka behewa likaondoka. Ndivyo alivyokuwa. Hakupiga kelele, lakini akishasema hapana ilikuwa imekwisha.

Kazi aliipata kwenye kituo kidogo cha kuchunguza wadudu, nyuma ya maghala ya pamba. Aliajiriwa kuosha chupa. Mkubwa wa kituo alikuwa Mhindi mmoja mzaliwa wa Mombasa, mtu wa miwani minene na soksi ndefu, aliyeitwa Daktari na kila mtu, hata na mke wake. Siku moja Daktari alimwona Wilkista akichuma jani kichakani bila kulichana wala kulikunja, akamwambia awaachie wengine chupa. Tangu siku hiyo kazi yake ikawa majani.

Wadudu wa Daktari walikuwa nondo, tena wadogo ajabu. Ukiwapanga watano hawafiki urefu wa kidole. Mtu wa kawaida akimwona mmoja humpangusa kama vumbi, lakini chini ya kioo cha kukuzia ana mabawa ya rangi ya shaba yenye mistari myeupe, kama amevalishwa kwa ajili ya sikukuu. Mama nondo hutaga yai juu ya jani. Kiwavi akitoka huingia ndani ya jani lenyewe, kati ya ngozi ya juu na ngozi ya chini, akaishi humo kama mpangaji, akila nyama ya jani. Kwa nje unaona baka jeupe limevimba kama lengelenge. Ukichuma jani hilo ukaliweka chupani, baada ya siku kadhaa nondo anatoka mwenyewe.

Daktari alisema hao wote ni jamii moja yenye ndugu wengi, na kazi yao wawili ni kujua nani ni nani. Kwa mabawa walifanana mno. Kilichowatenganisha ni chakula. Kuna aliyekula majani ya mti wa mkole tu. Kuna aliyekula magugu yale ambayo mbegu zake hung'ang'ania nguo. Kuna aliyekula mululuza, ule mti mchungu ambao watu huchemsha majani yake kutibu homa, na huyo alikaa upande wa chini wa jani tu, juu haendi. Daktari alikuwa amehesabu ndugu saba. Kila nondo alichomwa pini, na chini ya pini kikawekwa kibandiko, kikaratasi kidogo kama ukucha, kinachosema jani gani, mahali gani, tarehe gani, na mkono wa nani uliochuma.

Mwaka wa kwanza Wilkista alikosea. Alikuwa ametoka Bugembe na mfuko wa majani, mvua ikamkuta, majani yakachanganyika. Aliona haya kusema. Akayakisia, akaandika mkole kwenye chupa ambayo hakuwa na hakika nayo. Miezi miwili Daktari alitembea amekunja uso, anaongea peke yake, maana nondo wa magugu ameanza kula mkole na hesabu yote imevurugika. Mwishowe Wilkista alishindwa kulala, akaenda akasema. Daktari hakufoka. Alimletea sanduku, akamwambia awachomoe nondo arobaini mmoja mmoja na kuwatia motoni kwa mkono wake.

"Si wabaya," alimwambia. "Lakini hatujui tena wametoka wapi. Kibandiko kikidanganya, Wilkista, nondo ni takataka."

Aliwachoma wote arobaini. Harufu yake ilikuwa kama ya nywele zilizoungua, na haikumtoka puani miaka yote.

Kisha ukaja mwaka wa sabini na mbili, Wahindi wakapewa miezi mitatu wawe wameondoka. Daktari alijua kwamba kwenye vizuizi vya barabarani askari wanafungua kila sanduku. Akamwachia Wilkista masanduku ya nondo, kioo chake cha kukuzia, na daftari kubwa lenye orodha ya ndugu saba. Akamwambia kwamba yeye atakuwa Nairobi, na Wilkista akipata wa nane amwandikie. Mwaka uliofuata kituo kilichukuliwa na wanajeshi wakakifanya stoo ya matairi. Wilkista akafunga masanduku kwenye baiskeli ya Odongo, akapanda gari moshi mpaka Mbale, kwa Hadijah, Mnubi aliyekuwa jirani yake Jinja na ambaye sasa alikuwa na nyumba yenye chumba cha ziada pale Namatala. Akawa anakaanga mihogo barabarani asubuhi, na mchana anatembea vichakani kutafuta majani yenye malengelenge.

Wa nane alimpata Nakaloke, Mei ya mwaka wa sabini na sita. Alikuwa kwenye mululuza, lakini lengelenge lilikuwa upande wa juu wa jani. Akalitazama mpaka macho yakamtoka machozi. Akachuma mengine, akangoja, wakatoka ishirini na watatu, na mstari wao wa bawa ulikuwa umekatika katikati kama njia iliyoliwa na mto. Akajaribu kiwavi mmoja kwenye jani la mkole, akafa. Akajaribu mwingine kwenye magugu, akafa. Akakaa kitako sakafuni akacheka peke yake, Hadijah akaja kuchungulia kama yuko sawa.

Usiku haujaingia alikuwa ameandika barua:

"Daktari, salamu. Mimi mzima. Nimepata nondo mpya Nakaloke. Ziko ishirini na tatu, zote za milimita sita, mbili tu za milimita saba. Nimezipanga vizuri kwenye sanduku chini ya kitanda, mtu asizione, maana hapa Namatala mikono ni mingi. Nyingine zitatoka wiki hii. Zile za zamani za Bugembe ziko salama. Nikipata mtu mwaminifu wa kuvuka Busia nitakutumia."

Sasa hapa ndipo palipoharibika, na si kwa kosa kubwa. Mtu wa pwani angeandika nondo wapya, nimewapanga, kwa kuwa mdudu ana roho yake. Daktari alijaribu miaka yote kumfundisha hivyo akashindwa. Huku kwetu mtu anasema hii na hizi kwa kila kitu, mbuzi, sufuria na mkwe. Na nondo ni neno la vitu viwili. Ni huyo mdudu, na ni zile fito za chuma zinazotiwa ndani ya zege. Hizo nazo hupimwa kwa milimita.

Mbale wakati huo lilikuwa linajengwa jengo la wanajeshi, na fito za chuma zilikuwa zinapotea usiku kwa usiku. Barua za kwenda Kenya zilifunguliwa. Hii ilipofika mezani kwa Sajini Bakhit, aliisoma mara moja tu, akapiga simu kwa Meja wake kwamba wezi wamepatikana.

Alikuja mchana na askari wawili na lori lenye turubai. Mtaa mzima ukajifungia. Wilkista alikuwa anasafisha chupa.

"Mama, mimi hapana kuja kucheza," alisema Sajini. "Nondo iko wapi?"

"Chini ya kitanda, afande."

Sajini akapiga magoti, akachungulia, akavuta sanduku. Lilikuwa jepesi kama kikapu kitupu. Akalifungua. Akatazama muda mrefu.

"Nauliza nondo."

"Ndiyo hizi."

"Ya milimita sita?"

"Ukitaka tupime, rula iko."

Askari mmoja akacheka, akaona uso wa mkubwa wake, akageuza kicheko kikohozi. Wakapekua chumba, wakachimba nyuma ya jiko, wakapanda mpaka darini. Lori likarudi na mwanamke mmoja, masanduku manne, chupa moja ya majani na kioo cha kukuzia. Daftari hawakuliona. Hadijah alikuwa amelikalia, ameketi mlangoni anachagua mchele kama asiyehusika.

Sajini Bakhit hakuwa mjinga. Kufika kituoni alishajua kwamba wadudu ni wadudu. Lakini Meja ameshaambiwa, na Meja naye ameshawaambia wa juu yake, na hakuna aliyewahi kumrudia Meja na lori tupu akabaki na vyeo vyake begani. Akafikiri siku nzima. Kesho yake akamletea Wilkista karatasi iliyopigwa chapa. Ilisema kwamba nondo ishirini na tatu, mali ya serikali, alizipokea kutoka kwa Isabirye mwenye duka la vyuma mjini, azivushe Kenya.

Isabirye alikuwa Msoga mpole, mwenye kigugumizi, aliyempa Wilkista vipande vya waya bure kila alipopita. Duka lake lilikuwa kwenye kona nzuri, na kona hiyo wengi walikuwa wanaitazama.

Sajini alimweleza taratibu, karibu kwa upole. Atie sahihi, arudi kwake leo hii na wadudu wake. Yeye ni Mkenya, na mwaka huu Wakenya hawana mtetezi. Kesi za magendo zinajulikana zinaishia wapi. Isabirye atajitetea mwenyewe, ni mwanamume.

Wilkista akasoma karatasi mpaka mwisho, maana alikuwa msomaji wa polepole. Kisha akairudisha.

"Imeandikwa mahali siyo," alisema. "Hizi zimetoka Nakaloke."

"Mama, achana na Nakaloke."

"Kwa Isabirye hapana mululuza, afande. Pale ni simiti tupu. Zitakula nini?"

Akapigwa kofi. Akawekwa kwenye chumba cha stoo, sakafu ya saruji, dirisha dogo lenye nondo za kweli. Baadaye alisema kwamba alizihesabu, zilikuwa sita, akajisemea kwamba kumbe wanazo, wanatafuta nini kwangu.

Hadijah alileta chakula siku ya pili. Bakhit alikuwa mtoto wa dada yake, na alimwambia mbele ya askari wake wote kwamba alimbeba mgongoni akiwa na upele, na kama angejua angemwacha aendelee kujikuna. Sajini akainamisha kichwa, akamruhusu aingie. Lakini walipokuwa wawili peke yao Hadijah akabadilika. Akamshika Wilkista mikono, akamsihi atie sahihi. Alisema karatasi ni karatasi. Alisema siku hizi watu wanaokota maiti mtoni, na yeye hataki kwenda kumtambua mtu kwa gauni lake.

Wilkista alikula kwanza. Shingo ilimuuma upande wa lile kofi. Hakuwa shujaa wa kuimbwa. Usiku mara mbili alikuwa amemwita mlinzi amletee ile karatasi, mlinzi hakusikia. Hilo alimwambia Hadijah wazi.

"Ningeitia sahihi," alisema. "Asubuhi nikasikia ile harufu."

"Harufu gani?"

"Ya wale arobaini."

Hadijah aliijua habari ya wale arobaini. Akakusanya sahani zake. Mlangoni akamwambia kwamba yeye ni mkaidi kama punda wa Soroti, na kwamba kesho ataleta samaki.

Siku ya nne Meja akaja mwenyewe kuona nondo zake. Wilkista akaletwa, akasimamishwa ukutani. Juu ya meza palikuwa na masanduku manne na chupa, vimefungwa kwa kamba, na kwenye kamba kikining'inia kipande cha boksi ambacho Sajini aliandika kwa herufi kubwa: NONDO 23, MILIMITA 6, KUTOKA KWA ISABIRYE. Kwa nini alivifunga hivyo, labda aliomba Mungu Meja asome tu, asifungue.

Meja alifungua. Akainua sanduku, akalisogeza dirishani, akalirudisha mezani. Akachukua kioo cha kukuzia, akainama. Ndani ya chupa, majani yalikuwa yamekauka, na nondo wapya walikuwa wametoka, wametua kwenye kioo, mabawa yamekunjwa, wanaitazama meza ya serikali.

"Bakhit," alisema Meja. "Hii ndiyo nondo yangu?"

Sajini akaanza kueleza habari za Isabirye, kwamba chuma kipo, kwamba mwanamke huyu karibu ataweka sahihi, bado dakika. Meja akamgeukia Wilkista, akamwuliza Isabirye amempa nini.

"Kalamu, afande," alisema Wilkista.

"Isabirye alikupa kalamu?"

"Hapana. Naomba kalamu."

Meja akatoa yake mfukoni. Wilkista akasogea mezani. Akapiga mstari juu ya maneno ya Sajini, mstari mmoja ulionyooka kama wa rula. Chini yake akaandika, herufi ndogo ndogo za kazi yake: *Mululuza, jani, upande wa juu. Nakaloke. 9 Mei 1976. Wilkista Odongo.* Akairudisha kalamu kwa mikono miwili, akarudi ukutani.

Meja alisoma.

"Mululuza ile chungu? Mama yangu alikuwa anatunywesha."

"Hiyo hiyo, afande."

"Hii inakula hiyo?"

"Hiyo tu."

"Ikikosa?"

"Inakufa."

Meja akamtazama kwa mara ya kwanza usoni, pale shavu lilipovimba. "Kila kitu kikiwa na njaa kinakula unachokipa," alisema. "Mimi naijua hiyo kazi. Ukiilazimisha?"

"Nimejaribu, afande. Hapana kula."

Meja alikigeuzageuza kile kioo mkononi, kisha akakitia mfukoni kama kitu chake. Karatasi iliyopigwa chapa akaichukua, akaikunja mara nne, akampa Sajini. Akasema uchafu huu wote uchomwe sasa hivi, na huyu mwanamke atoke kabla yeye Meja hajabadilisha mawazo. Na neno nondo, akasema akiwa mlangoni, asilisikie tena kutoka kwa mtu asiye fundi.

Masanduku yalichomwa uani. Wilkista hakukimbia kutoka. Alisimama akaangalia kazi ya miaka mingi ikishika moto, wa mkole, wa magugu, wa mululuza wa chini na wa juu, kila mmoja na kibandiko chake cha kweli. Harufu ilikuwa ile ile. Sajini Bakhit ndiye aliyeshika kijiti cha kuchochea. Alipomaliza akakuta chupa bado iko mezani. Akaiangalia, akamwangalia Wilkista.

"Hii ni chupa," alisema. "Meja amesema uchafu. Hapana kusema chupa."

Akampa.

Alitembea kwa miguu mpaka Namatala ameishika mbele yake kama mtu abebaye uji wa mgonjwa. Alipitia kwenye kona ya Isabirye. Duka lilikuwa wazi, na Isabirye, asiyejua lolote, alimwuliza kwa kigugumizi kama anahitaji waya. Alisema anahitaji.

Nondo wa chupani walikuwa kumi na mmoja. Hadijah alimtolea daftari, bado lina joto la kukaliwa, na wakati Wilkista anaandika ukurasa wa ndugu wa nane, Hadijah akawa anamweleza mambo ya busara. Kwamba barua si lazima. Kwamba kama ni lazima, basi aseme vipepeo vidogo, au wadudu, au watoto wa shangazi, Daktari ataelewa. Lile neno aliache. Ameambiwa na Meja kwa mdomo wake.

Wilkista alikata karatasi kutoka nyuma ya daftari. Kioo cha kukuzia hakikuwepo, basi akainama mpaka pua ikakaribia meza.

"Vipepeo siyo," alisema. "Vipepeo ni wengine."

Akaandika salamu, akaandika kwamba yeye mzima. Akaandika *nondo*, akasimama. Aliinua kalamu muda mrefu mpaka Hadijah akadhani hatimaye amesikia. Kisha akaendelea: *wapya. Wako kumi na mmoja, na wote wametoka kwenye mululuza, upande wa juu. Wale wengine wamechomwa, lakini nimewaandika.* Akaweka jina lake lote, na Namatala, na tarehe. Bahasha aliibandika kwa uji wa muhogo, akavaa viatu, akaipeleka posta mwenyewe.